UZI: Georgios Christakis-Zografos, gavana aliyeacha ofisi ya Ugiriki akaunda serikali yake Epirus ya Kaskazini (1914)

#1 Mzee wa Ramani

Wakuu salaam. Kila tukigusa mpaka wa Ugiriki na Albania, mjadala unarukia kwa waziri mkuu Venizelos, Mfalme Konstantino na Waitaliano, na mtu aliyeshika usukani palepale mpakani anaachwa pembeni. Huyo ni Georgios Christakis-Zografos (1863–1920): mbunge, waziri wa mambo ya nje mara mbili, gavana mkuu wa Epirus (eneo la mpakani ambalo kaskazini yake sasa ni Albania kusini), halafu kwa miezi minane hivi mkuu wa serikali ambayo hakuna dola iliyoitambua kama nchi.

Naomba tuanze na tarehe, maana zimewapoteza wengi, wakiwemo waandishi wa vitabu. Ugiriki ilitumia kalenda ya Juliasi hadi 1923, na kwa miaka hiyo ilikuwa nyuma ya kalenda ya Ulaya kwa siku 13. Ioannina, mji mkuu wa Epirus, ilitekwa na Ugiriki 21 Februari 1913 kwa karatasi za Kigiriki, 6 Machi kwa karatasi za London. Tangazo la Zografos la kujitawala pale Gjirokastër ni 15 Februari 1914 kwake, 28 Februari kwa wengine. Sasa angalia kosa linavyozaliwa: Mataifa Makubwa (Uingereza, Ufaransa, Urusi, Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia) yaliipelekea Athens barua ya kudai jeshi lake liondoke Epirus ya Kaskazini, tarehe 13 Februari, kalenda mpya. Ukiliweka tangazo kwenye 15 Februari bila kugeuza, unapata picha ya mtu aliyeruka kwa hasira baada ya siku mbili. Ukweli ni kwamba alisubiri Venizelos ajibu (21 Februari), akaona jibu ni "tunakubali", ndipo akatangaza. Hesabu zake zilikuwa za mtu mtulivu.

Na majina ya miji: Gjirokastër ndiyo Argyrokastro, Sarandë ndiyo Agioi Saranta au Santi Quaranta, Korçë ndiyo Korytsa. Yeye mwenyewe utamkuta Zografos, Zographos au Christaki-Zographos. Ukitafuta kwa tahajia moja tu utapata nusu ya karatasi.

Ukoo wake ndio ufunguo. Baba yake, Christakis Zografos, alitoka Qestorat, kijiji cha milimani karibu na Gjirokastër, akawa mmoja wa wenye benki wakubwa wa Galata, Istanbul, wale waliokuwa wakiikopesha serikali ya Osmani. Alijenga shule kijijini kwao na nyingine Istanbul ambayo hadi leo ina jina la ukoo. Pia alinunua mashamba makubwa Thessalia, upande wa Karditsa, kabla eneo hilo halijapewa Ugiriki mwaka 1881. Kwa hiyo mtoto alirithi fedha, alirithi ardhi iliyompa kiti bungeni Athens, na alirithi asili ya kijiji ambacho mwaka 1913 kilijikuta kwenye eneo la ugomvi. Wazalendo wengi wa Athens waliililia Epirus bila kuijua. Huyu aliijua kwa majina ya makaburi ya ukoo wake.

#2 Sikujua Kitambo

Uzi umeanza vizuri Mzee. Swali la mwanafunzi: gavana mkuu kwa Ugiriki ya wakati ule alikuwa nani hasa? Mkuu wa mkoa tu, au ana meno?

#3 Karani wa Boma

Ana meno, ndugu. Baada ya vita vya kwanza vya Balkani, Ugiriki ilijikuta na ardhi mpya nyingi ambazo sheria zake za kawaida bado hazijafika: Krete, Makedonia, Epirus, visiwa. Haikuwezekana kuzigawa mara moja kuwa wilaya za kawaida. Ikaweka magavana wakuu, watu wazito wa kisiasa. Stefanos Dragoumis, aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1910, alipelekwa Krete kisha Makedonia. Zografos akapelekwa Ioannina mwaka 1913.

Kazi yenyewe: unasimamia makarani wa kodi ulioachiwa na Waosmani, unaweka watawala wa wilaya, unaendesha askari polisi, unalisha wakimbizi, unasuluhisha kesi za ardhi ambazo hati zake ziko kwa Kiturki, na pembeni yako yuko mkuu wa jeshi asiyekusikiliza. Eneo lililokuwa mikononi mwa jeshi la Ugiriki lilifika Himara, Delvinë, Gjirokastër, Përmet na Korçë. Vlorë hawakuigusa kwa miguu kwa sababu Italia na Austria-Hungaria zilitoa onyo.

Weka hilo akilini, maana ndilo linaloeleza kilichofuata. Serikali yake ya mwaka 1914 haikuota usiku mmoja. Wale makarani, zile nyaya za simu, wale askari polisi na maaskofu alishafanya nao kazi karibu mwaka mzima. Alichobadilisha ni kichwa cha barua.

#4 Mzee wa Ramani

Karani umenisaidia. Sasa tuingie kwenye kabali yenyewe.

Albania ilijitangazia uhuru Vlorë tarehe 28 Novemba 1912. Mkutano wa mabalozi London ukaikubali kama nchi tarehe 29 Julai 1913, lakini mpaka wa kusini ukaachiwa kamisheni ya wajumbe wa mataifa sita. Wale wajumbe wakazunguka vijijini vuli ile na swali la lugha. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Familia nyingi za Kiorthodoksi zilizungumza Kialbania nyumbani, Kigiriki shuleni na kanisani. Mjumbe wa Italia na wa Austria-Hungaria walitaka lugha ya mama mzazi ihesabiwe. Wa Ufaransa, Urusi na Uingereza walitazama zaidi lugha ya shule na msimamo wa watu. Kijiji kilekile, majibu mawili, kutegemea umemuuliza bibi au mjukuu. Mwisho wakaiacha lugha, wakachora kwa hoja za uchumi, milima na mkakati wa bahari. Itifaki ya Florence ikasainiwa 17 Desemba 1913. Mstari ulianzia Rasi Stylos, mkabala na kisiwa cha Korfu, ukapanda hadi ziwa Prespa. Gjirokastër, Sarandë, Himara na Korçë zote Albania.

Kwa nini Rasi Stylos? Kwa sababu Italia haikutaka Ugiriki ishike kingo zote mbili za mlango wa Korfu, manowari zikajificha humo. Anayedhani mpaka ule ulichorwa kwa ajili ya wanakijiji aangalie kina cha maji pale.

Kisha ikaja barua ya 13 Februari 1914: Ugiriki ibaki na visiwa vya Aegea (isipokuwa Imbros, Tenedos na Kastellorizo), ila jeshi liondoke Epirus ya Kaskazini, kuanzia 1 Machi kule Korçë, limalize 31 Machi. Visiwa kwa milima. Venizelos akachukua visiwa.

Hapo Zografos alikuwa na njia tatu. Kutii na kukabidhi wilaya. Kubaki gavana na kugoma, ambako kungeifanya Ugiriki nzima ionekane imevunja ahadi. Au kujiuzulu kwanza, kisha kuongoza wenyeji kama raia. Akachukua ya tatu. Huo ndio ustadi wake wote: kwa kujiuzulu, Athens ingeweza kusema "si wetu huyo", naye angeweza kusema "sisi ni wenyeji tunaojitawala".

#5 Karani wa Boma

Naongeza jinsi ilivyoundwa, kwa mpangilio wa kazi.

Kwanza mkutano wa wajumbe wa wenyeji Gjirokastër. Haukumpa ufalme. Ulimpa kamati ya utawala wa muda. Zografos rais. Mambo ya nje Alexandros Karapanos. Mambo ya jeshi Kanali Dimitrios Doulis, aliyeacha kazi jeshi la Ugiriki ili aje huku. Na maaskofu watatu ndani ya serikali: Vasileios wa Dryinoupolis, Spyridon wa Vella na Konitsa, na Germanos wa Korçë. Maaskofu hawa hawakuwekwa kwa ajili ya baraka. Kwenye dola ya Osmani jamii ya Kiorthodoksi iliendeshwa na kanisa: orodha za waumini, shule, mirathi, ndoa. Ukimweka askofu serikalini umepata daftari la watu na mtandao wa walimu bila kuajiri.

Pili bendera: msalaba mweupe kwenye buluu, kama ya Ugiriki, katikati tai mweusi wa vichwa viwili. Tatu jeshi. Doulis alipata watu zaidi ya 5,000 ndani ya siku chache, mchanganyiko wa wenyeji, wanajeshi wa Kigiriki waliotoroka au kuacha kazi, na waliorudi kutoka ughaibuni. Vikosi vyao viliitwa Vikosi Vitakatifu. Nne stempu, ili barua zitembee na fedha iingie.

Upande wa pwani, Himara ilishatangaza kujitawala siku chache kabla, chini ya Spyros Spyromilios, afisa mzaliwa wa pale aliyeitwaa mwaka 1912. Kwa hiyo Zografos hakuanzisha moto wa kwanza. Alikuta moto, akauwekea jiko.

Kilichoharibika mapema ni Korçë. Jeshi la Ugiriki liliikabidhi kwa askari polisi wa Albania tarehe 1 Machi kama ratiba ilivyosema, kabla wanamgambo hawajajipanga. Mji mkubwa kuliko yote upande wa mashariki ukaponyoka siku ya kwanza. Mwezi Aprili wenyeji wa upande wa Kigiriki wakajaribu kuinuka ndani ya mji, wakashindwa, na Askofu Germanos akakamatwa na kufukuzwa. Ukisoma kwamba "Epirus ya Kaskazini yote ilikuwa mkononi mwa Zografos kuanzia Machi", ujue mwandishi hajaangalia Korçë.

#6 Nyundo ya Saa Sita

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mnapanga makarani na maaskofu vizuri, lakini eneo hilo lilikuwa na Waislamu wengi sana, na uzi mzima hawajatajwa hata mara moja kama watu wenye miili. Kwenye serikali ile walikuwa na viti vingapi? Na hao "Vikosi Vitakatifu" walifanya nini Hormovë?

#7 Mzee wa Ramani

Nyundo, hoja yako ni halali na hailegezwi.

Hormovë ni kijiji karibu na Tepelenë. Mwishoni mwa Aprili 1914 wanaume wa kijiji hicho, Waalbania Waislamu, walikusanywa na wapiganaji wa upande wa Epirus wakauawa pale Kodra. Waliouawa ni zaidi ya 200. Maafisa wa Kiholanzi waliokuwa wakiunda askari polisi wa Albania, chini ya Jenerali De Veer, walifika wakachunguza na kuandika ripoti. Miezi iliyofuata vijiji vingi vya Waislamu vilichomwa na wakimbizi wakajaa Vlorë.

Je, Zografos aliagiza? Sitamsingizia amri wala sitamsafisha. Lakini angalia muundo ambao Karani ameueleza. Amri ya raia ilikuwa Gjirokastër, mikononi mwa wakili wa hoja na maaskofu. Bunduki zilikuwa milimani, mikononi mwa makapteni, wengine wakorofi waliozoea vita vya magenge vya Makedonia, na hawakuwa na mshahara wa kudumu. Kikosi kisicholipwa hula kijijini, na kijiji kinacholiwa kwanza ni cha jirani wa dini nyingine. Serikali yenye maaskofu watatu na msalaba kwenye bendera haikuwa na mlango wa Mwislamu kuingilia kupeleka malalamiko. Hilo ni la Zografos mwenyewe, kwa sababu muundo aliuchora yeye.

#8 Nyundo ya Saa Sita

Hapo sawa. Endeleeni, ila mkifika kwenye mkataba mniambie Waislamu walipata nini, siyo shule za Kigiriki tu.

#9 Wakili wa Mlimani

Niingie na Itifaki ya Korfu ya 17 Mei 1914, maana ndipo sehemu tamu ya uzi huu ilipo, na watu huipita mbio.

Njia ya kufika pale: Mwanamfalme Wilhelm wa Wied, Mjerumani aliyechaguliwa kuwa mtawala wa Albania, alishuka Durrës tarehe 7 Machi. Karibu mara moja akamtuma Thomson, afisa wa Kiholanzi, aende Korfu aonane na upande wa Zografos. Thomson alibeba ahadi ya haki za ndani zenye mipaka. Upande wa Zografos ukakataa, ukitaka kujitawala kamili chini ya taji la Albania. Zingatieni: chini ya taji la Albania. Hakudai mbele ya Mataifa kuunganishwa na Ugiriki, kwa sababu alijua hilo lingefungwa mlangoni. Alidai kitu ambacho Mataifa yangeweza kukipa bila kufuta Florence. Kukaa mezani tu na mjumbe wa Wied kulishampa hadhi.

Halafu akaacha vita viseme. Mwanzoni mwa Mei wapiganaji wake walikuwa wamekamata miinuko ya Morava juu ya Korçë, na ngome ya mji chini ya maafisa wa Kiholanzi ilikuwa karibu kusalimu amri. Tarehe 7 Mei Kamisheni ya Kimataifa ya Usimamizi, chombo cha Mataifa Makubwa cha kuisimamia Albania, ikamwomba waongee. Akasimamisha vita siku iliyofuata. Mwingine angeuchukua mji kwanza. Yeye alijua mji uliokaribia kuanguka una bei kubwa mezani kuliko mji ulioanguka.

Itifaki yenyewe, kwa kifupi: mikoa miwili ya Gjirokastër na Korçë inabaki Albania, ikiwa na utawala wake wa ndani. Magavana na maofisa wakubwa wanateuliwa na serikali ya Albania kwa kuzingatia uwiano wa dini. Mabaraza ya kuchaguliwa yanakuwepo. Askari polisi wanatoka palepale, kwa uwiano wa dini, na vikosi vya nje haviletwi isipokuwa kukiwa na vita au maasi. Kigiriki na Kialbania vyote vinaruhusiwa mahakamani na kwenye mabaraza. Jamii za Kiorthodoksi zinakuwa na hadhi ya kisheria, zinamiliki mali na kuendesha shule kwa Kigiriki. Ila madarasa matatu ya chini Kialbania kinafundishwa sambamba na Kigiriki, na dini kwa Kigiriki pekee. Himara inapata mpangilio wake. Waliopigana wanasamehewa. Msimamizi wa utekelezaji ni Kamisheni.

Ndugu Nyundo, Waislamu kwenye karatasi hii wanapata uwiano wa dini kwenye polisi na vyeo, na Kialbania kupewa nafasi sawa mahakamani. Si kidogo kwenye karatasi. Fidia kwa waliochomewa nyumba kwa kiasi cha maumivu yao, hapana.

Zografos aliipeleka kwenye mkutano wa wajumbe Delvinë. Ikapita, lakini watu wa Himara walipinga, wakisema kuwa chini ya Albania kwa namna yoyote ni kushindwa. Albania iliikubali Juni, Mataifa Makubwa yakaidhinisha 1 Julai.

Ikafa kwa nini? Tazameni kalenda. Siku mbili tatu baada ya kusainiwa, Essad Pasha Toptani, waziri wa vita wa Wied, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni. Mwezi huohuo wakulima wa Albania ya kati wakaasi. Juni 15 Thomson akauawa kwa risasi Durrës. Wied akabaki na mji mmoja na gati. Kamisheni iliyopaswa kutekeleza ilikuwa na wajumbe wa mataifa ambayo mwezi Agosti yalianza kupigana yenyewe kwa yenyewe. Wied akaondoka 3 Septemba. Mkataba ulibaki na upande mmoja tu wenye askari. Julai wapiganaji wa Epirus walishaingia Korçë, wakidai wanatekeleza itifaki.

#10 Sikujua Kitambo

Kwa hiyo Venizelos alimsaliti au walikuwa wanacheza pamoja? Sijaelewa bado.

#11 Mzee wa Ramani

Si usaliti wala si mchezo mmoja. Venizelos alikuwa na Mataifa Makubwa mgongoni na Uturuki mbele yake ikinunua manowari. Visiwa vya Aegea vilikuwa roho ya Ugiriki kwa wakati ule. Kwa hiyo alilitangaza jambo la Zografos kuwa halimhusu, na meli za Ugiriki zikazuia bandari ya Sarandë, mojawapo ya miji ya kwanza kujiunga na harakati. Lakini mpaka wa nchi kavu ulivuja. Maafisa walivuka "wakiwa likizo", risasi zikavuka, na huko Ioannina hakuna hata aliyejisumbua kujifanya haoni. Zografos naye hakumtukana Venizelos hadharani, maana alihitaji uvujaji uendelee.

Mwishoni mwa Oktoba 1914 vita kuu vikiwa vimeshika kasi, Mataifa ya upande wa Uingereza na Ufaransa yakaruhusu jeshi la Ugiriki kurudi "kwa muda", huku Itifaki ya Korfu ikisemwa bado ni halali. Jeshi likaingia 27 Oktoba. Italia ikashika kisiwa cha Sazan siku hizohizo na Vlorë mwezi Desemba. Serikali ya Zografos ikajifunga yenyewe kwa sababu kazi yake ilionekana imekwisha. Hakung'ang'ania kiti. Ni wachache wa aina hiyo.

Machi 1915 Venizelos akaanguka, Gounaris akaunda serikali na Zografos akawa waziri wa mambo ya nje. Wengi humweka kwenye kapu la "watu wa mfalme" kwa sababu hiyo, na hapo wanakosea. Serikali ile ilikuwa ya upande wa ikulu, lakini Zografos mwenyewe alitaka Ugiriki iingie vitani upande wa Uingereza na Ufaransa, kwa sharti moja: wahakikishe ardhi yake yote. Aprili akapeleka pendekezo la namna hiyo. London, Paris na Petrograd hazikutaka kuhakikisha chochote, kwa sababu wakati huohuo zilikuwa zinaibembeleza Bulgaria, na chambo cha Bulgaria kilikuwa ardhi ya Kigiriki upande wa Kavala. Uwaziri wake ukaishia bila matunda. Gavana aliyezoea kuuza shinikizo la kijeshi alikwenda sokoni safari hii na ahadi peke yake.

#12 Stempu za Kale

Nimekuwa nasubiri mfike kwenye stempu, maana huko ndiko watu wanakoibiwa hadi leo.

Zipo za aina tatu ambazo lazima uzitenganishe. Za kwanza ni za Himara, Februari 1914, za Spyromilios: fuvu la kichwa na mifupa, zimegongwa kwa mhuri wa mkono, thamani 1, 5, 10 na 25 lepta (senti za Kigiriki). Alama ya udhibiti ni duara refu la buluu lenye herufi mbili za Kigiriki, za mwanzo wa jina lake. Zipo halali bila alama hiyo pia, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake hakuthibitishi ughushi. Lakini kwa sababu ni kazi ya mhuri wa mkono, kughushi ni rahisi mno, na feki ni nyingi kuliko halisi. Ukiona kila stempu kwenye seti imegongwa katikati kabisa, wino sawasawa kama wa mashine, simama hapo.

Za pili ni za serikali ya Zografos: askari amelenga bunduki. Hizi zilichapwa kwa mawe (lithografia), na kingo zake hazina vitundu vya duara vya kawaida bali mkato wa meno. Baadaye zikafuata zenye bendera ya tai. Hizi ndizo za kuanzia kwa mkusanyaji, bei yake ya kawaida na ughushi si balaa.

Za tatu ni stempu za Ugiriki zilizochapwa juu yake maandishi, zile za 1916 zenye Β. ΗΠΕΙΡΟΣ (Epirus ya Kaskazini). Hizi si za Zografos. Ni za utawala wa Ugiriki baada ya serikali yake kujifunga. Na ukikuta ΕΛΛΗΝΙΚΗ ΔΙΟΙΚΗΣΙΣ (Utawala wa Kigiriki), usikimbilie 1914 kabisa: maandishi hayo yalitumika kwenye ardhi zilizotekwa 1912–1913, yakatumika tena Ugiriki ilipoingia Albania kusini 1940–1941. Tazama picha ya stempu iliyo chini ya maandishi. Ikiwa ni ya mfululizo wa 1937, jibu umepata.

Bahasha ndiyo mtihani wa mwisho. Stempu halisi yenye mhuri wa posta bandia ni kitu cha kawaida sana. Mhuri ukisema Korçë, Aprili 1914, na stempu ni ya Zografos, rudi kwenye alichosema Karani kule #5: mji haukuwa wake mwezi ule.

#13 Karani wa Boma

Stempu, hiyo ya bahasha nimeipenda. Posta haidanganyi kuhusu nani anashika mji, mpaka mwongo aingilie kati.

Kidogo kwa wanaosoma hati: kuna barua nyingi za "Zographos" za 1915 kwenye makusanyo ya kidiplomasia. Hizo ni za waziri wa Ugiriki, siyo za rais wa Epirus. Nimeona watu wakizinukuu kama ushahidi kwamba serikali ya Gjirokastër ilidumu hadi mwaka huo.

#14 Sikujua Kitambo

Na mwisho wake yeye? Na eneo?

#15 Mzee wa Ramani

Yeye alifariki Juni 1920. Eneo lilipita mikono kwa kasi ya kutisha. Wabunge kutoka huko walikaa kwenye bunge la Athens lililochaguliwa Desemba 1915, na Machi 1916 ikulu ikatangaza kuliunganisha na Ugiriki. Mataifa yakagoma. Ugiriki ilipopasuka vipande viwili, cha mfalme na cha Venizelos, Waitaliano wakaingia Gjirokastër, Wafaransa Korçë, na 10 Desemba 1916 kanali wa Kifaransa Descoins akaisimamisha pale jamhuri ya Waalbania chini ya ulinzi wa Ufaransa. Juni 1917 Waitaliano wakatangaza Gjirokastër uhuru wa Albania chini ya ulinzi wao. Julai 1919 Venizelos na Tittoni wa Italia wakakubaliana kwa siri kwamba Ugiriki ipate eneo hilo, Italia ikajitoa mwaka uliofuata. Zografos alikufa wakati karatasi hiyo ikiwa bado hai. Novemba 1921 mabalozi wakarudi kwenye mstari wa 1913. Jenerali Tellini wa Italia aliyekuwa akiuweka mpaka aliuawa karibu na Kakavia Agosti 1923, Mussolini akaipiga Korfu mabomu, na mstari ukakamilishwa tena kwa itifaki ya Florence ya 1925.

#16 Nyundo ya Saa Sita

Na zile shule za Kigiriki alizozipigania, zilibaki kwa itifaki yake?

#17 Wakili wa Mlimani

Hapana. Hakuna mahakama iliyoutumia mkataba wa Korfu kama msingi. Kilichozibeba ni tamko ambalo Albania ilitoa mbele ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule tarehe 2 Oktoba 1921, kwamba wachache wataruhusiwa kuendesha shule zao kwa gharama zao. Albania ilipobadili katiba na kufunga shule zote binafsi, ikasema haijabagua, maana imefungia kila mtu. Suala likafika Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, The Hague, na 6 Aprili 1935, kwa kura 8 dhidi ya 3, ikakataa hoja hiyo: usawa wa kufungiwa wote si usawa, kwa sababu walio wengi wana shule za serikali kwa lugha yao na walio wachache hawana pa kwenda. Anayetaka kuisoma atafute kesi ya shule za wachache Albania, mfululizo A/B, namba 64. Zografos hatajwi kama msingi wa maoni hayo ya ushauri, ila vijiji vinavyozungumziwa ni vilevile.